Kesi ya Lowri Pugh na Kodi ya Kinamasi

Lowri Pugh alikuwa jirani yangu bondeni kwetu, katika milima ya Wales. Shamba lake halikuwa lake. Yeye na mumewe, Ifan, walilikodi kwa bwana mkubwa wa jumba la kilimani. Chini ya nyumba palikuwa na kinamasi. Kwa miaka tisa walichimba mitaro, wakalaza mabomba ya udongo, mpaka pale palipokuwa pakizama ng'ombe pakaota shayiri.

Mwaka 1881 Ifan akafariki. Haukupita muda, msimamizi wa bwana mkubwa akapandisha kodi karibu maradufu. Lowri alipomuuliza sababu, akajibiwa kwamba ardhi imekuwa nzuri.

"Nani kaifanya nzuri?"

Msimamizi akapanda farasi wake, akaenda zake.

Lowri akaendelea kulipa kodi ileile ya zamani, akashtakiwa. Sisi tulizungumza Kiwelisi, lakini kesi ilisikilizwa mjini kwa Kiingereza, lugha aliyoijua ya kununulia chumvi tu. Nilimsindikiza, ingawa na mimi sikumzidi sana. Mkalimani alikuwa mzee Shadrach Beynon, fundi saa, ambaye masikio yake yalishaanza kuwa mazito. Wakili akisema robo saa nzima, Shadrach anatupa maneno manne.

"Anasemaje, jirani?" Lowri akaninong'oneza.

"Anasema barua."

"Barua gani tena? Na mitaro je?"

Alikuwa amebeba kipande cha bomba kikapuni amwonyeshe hakimu. Aliposimama nacho, karani akamwashiria akae. Baadaye watu wakacheka, hakimu akaandika kitu, wote wakainuka. Lowri akajua ameshindwa, akaanza kunitajia ng'ombe atakaowauza.

Kumbe ameshinda. Shadrach alitueleza nje: barua ya kupandisha kodi iliandikwa kwa jina la Ifan, na siku iliyoandikwa, Ifan alikuwa na mwezi kaburini. Maiti hapewi notisi.

"Kwa hiyo wamekubali kwamba mitaro tuliichimba sisi?"

"Mitaro haikutajwa, mama. Umeshinda kwa sababu mumeo amekufa."

Njia nzima ya kurudi aliniuliza lilelile: yaani Ifan angekuwa hai, tungeshindwa? Nikamwambia nadhani hivyo. Akatembea kidogo, akauliza tena. Sikujua nimpe pongezi au pole, naye hakuonekana kujua anachotaka.

Miezi sita baadaye barua nyingine ikaja, safari hii kwa jina lake, haina kasoro. Hakwenda tena mahakamani. Alilipa kodi mpya misimu miwili, akauza mifugo, akahamia kwa dada yake ng'ambo ya milima.

Shamba likakaa tupu mwaka mzima, maana hakuna aliyelitaka kwa bei ile. Mwishowe msimamizi akampa mtu mwingine, kwa kodi ya zamani.

Nilikwenda mwenyewe kumpasha Lowri habari hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie polepole. Nikarudia. Akaniuliza kama nina hakika.