Kimya cha Kifua cha Zuhura

Harufu ya vumbi la mahindi makavu huanza na utamu kidogo, kama uji unaoungulia chini ya sufuria, kisha inakwaruza koo na kukaa juu ya ulimi. Mwaka niliokuwa darasa la tano, uwanja wetu pale Sindeni ulinuka hivyo wiki baada ya wiki. Masika yalikuwa yametukubali, na mama alikuwa na mahindi mengi kuliko mikono ya kuyapiga. Tuliyajaza kwenye magunia, tukayachapa kwa fimbo mpaka punje ziachane na magunzi, kisha tukapepeta. Ndipo alipoletwa Zuhura, binti wa mama mdogo, kutoka Korogwe mjini, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Alikuja na begi moja na kidude cha plastiki chenye dawa ya kuvuta, maana alikuwa na pumu. Mama alikipokea, akakifungia kwenye sanduku lake la nguo. "Dawa ukiizoea, mwili unakuwa mvivu," alisema. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zuhura alipewa fimbo siku ya pili.

Sikumpenda. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, aliniita dada kwa adabu, na kila alipokaa chini kutafuta pumzi, gunia lake lilihamia kwangu. Nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu kisimani, nabinua mabega, natoa mluzi kifuani, nao wanacheka mpaka wanamwaga maji. Yeye alisimama na ndoo yake, akacheka pia, kidogo, kama mtu anayelipa ushuru.

Mwezi huohuo mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha upumuaji. Alikata kitako cha chupa ya maji, akaning'iniza puto ndani, akaziba chini kwa kipande cha mpira. Alipovuta mpira, puto lilijaa lenyewe. "Huu mpira ni kiwambo," alisema. "Kikishuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Inapita kwenye mirija inayogawanyika kama matawi, mpaka kwenye vifuko vidogo ambako damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu. Oksijeni ndiyo inayounguza chakula mwilini kikawa nguvu. Ugali bila hewa ni kuni bila moto." Nikanyoosha kidole, nikauliza kuhusu pumu. Alituamuru tutoe mirija ya wino kwenye kalamu zilizokwisha, tuiweke mdomoni, tuzibe pua na kukimbia hadi goli la mbali. Mimi sikufika. Nilitema mrija nikiwa nimepiga magoti, macho yamejaa machozi. "Mwenye pumu hana mrija wa kutema," mwalimu alisema. "Njia zake zimevimba na kujaa ute. Kuvuta ni kazi, kutoa ni kazi zaidi. Ukisikia mluzi, hewa bado inapita. Mluzi ukinyamaza naye hajapata nafuu, kimbia." Nayaandika haya ili mtu yeyote asije akaniombea msamaha kwa kusema kwamba nilikuwa mtoto, sikujua.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu uwanjani, mama, Zuhura na mimi. Jua lilikuwa kali na vumbi halikutua. Kabla ya adhuhuri Zuhura aliacha fimbo, akainama na kushika magoti, shingo imekakamaa, ngozi ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta. Mluzi wake nilikuwa nausikia kutoka nilipokaa.

"Dawa, mama mkubwa," alisema. Akavuta pumzi. "Naomba."

Mama alinigeukia. "Mwanaidi, wewe si mmefundishwa haya mambo? Anaumwa kweli huyu?"

Mbele yangu kulikuwa na magunia manne. Nikasema, "Anajisingizia. Mwalimu alisema mwenye pumu hawezi hata kuongea. Huyu asubuhi alikuwa anaimba."

Mama alimchapa fimbo mbili za mgongoni. "Hapa hatuli kwa kuinama. Piga!"

Zuhura aliokota fimbo. Alipiga mara moja, mara mbili, akakaa, akaegemea gunia. Kisha mluzi ukanyamaza. "Umeona?" mama alisema kwa ushindi. "Amepona." Nilimtazama. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka bila sauti yoyote, na midomo imekuwa rangi ya zambarau. Nilijua maana ya kile kimya. Na bado nilikaa. Nilihesabu mapigo kadhaa ya fimbo ya mama juu ya gunia lake kabla ya kuinuka. Kilichoniinua si huruma. Niliogopa kwamba akifa, mwalimu atasikia na kuniuliza.

Nilikimbia ndani, nikavunja kufuli la sanduku kwa mchi, nikamtilia kidude mdomoni na kukibonyeza mara nyingi. Macho yake yalikuwa juu yangu. Jirani akampakia kwenye pikipiki, mama nyuma amemshikilia, wakaenda hospitali Handeni. Alikaa huko siku sita, kisha mama mdogo, naye bado dhaifu, akaja kumchukua. Mama hakuomba radhi. Aliwaambia majirani, "Bila mwanangu, tungezika." Nilisimama kando yake nikasifiwa.

Leo Sindeni mahindi hupukuchuliwa kwa mashine, magunia ya siku nzima yakaisha kabla chai haijapoa. Watoto wenye pumu huenda shule na dawa mfukoni, na hakuna anayewaigiza, au labda wanaigizwa nisipokuwepo. Mama amekwisha kufariki. Zuhura ni fundi cherehani Korogwe, na mwaka huu nilimtembelea kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alinikumbatia mlangoni muda mrefu, kisha akaita ndani, "Mwanaidi!" Nikaitika. Akacheka. Aliyetoka ni msichana wa miaka sita hivi.

"Nilimpa jina lako, dada," Zuhura alisema. "Akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu. Msalimie mama mkubwa. Ndiye yule ninayekusimuliaga."

Mtoto alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mama mkubwa."

Nilikuwa nimekuja kumweleza mama yake ukweli. Nikasema, "Marahaba."