Msimu Kamuli Ilipokosa Kahawa ya Kutafuna

Mwaka ule kahawa ilipopata soko, Kamuli yote ilivuma kama mzinga wa nyuki. Meli zilikuwa zikipakia Bukoba, na huko zinakokwenda, watu walisema, Wazungu hawaamki bila kuinywa. Othman mwenye duka akatangaza kwamba ananunua kahawa kavu, hata iwe ya kujaza kibuyu. Aliyeipokea mlangoni alikuwa mkewe, Mwajabu.

Mwajabu alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia. Mama yake alitoka Pangani, lakini yeye alikulia bara, na Kinyambo, lugha ya huko, alikisema kama aliyezaliwa nacho. Msimu ule hakukaa kitako. "Leteni, jamani, leteni!" aliita, na wanawake wakashuka vilimani na vikapu vichwani, wakaondoka na shuka, chumvi na majembe. Kila gunia lililoshonwa mdomo alilipiga kofi kwa furaha.

Zamani watu wa huko waliichuma kahawa ingali mbichi, wakaichemsha na majani ya kunukia, wakaianika na kuiweka ya kutafuna. Mgeni akiingia, kabla ya neno lolote, hupewa punje kiganjani. Asiyepewa hujua hakupokelewa. Lakini wanunuzi wa Bukoba waliitaka iliyoiva ikawa nyekundu, ikaushwe hivyo hivyo bila kuchemshwa. Basi kila mtu akaiacha iive. Katika shamrashamra zile, hakuna aliyekumbuka kujiwekea.

Asubuhi moja, wapagazi wakiwa wamekwisha ondoka na mizigo, Abdulatifu, mwana wa Mwajabu, aliingia akihema.

"Mama! Mzee Kashaija yuko njiani kutoka Kihanga. Anakuja kuitazama nyumba!"

Kashaija alikuwa baba yake Kemilembe, binti ambaye Abdulatifu alikuwa akimwota hata mchana. Mwajabu akapiga kigelegele hapo hapo, kisha akashika kichwa.

"Kahawa ya kutafuna! Latifu, tutampa nini mkononi?"

Akajifunga kibwebwe akatoka. Kwa jirani wa kwanza, hakuna. Kwa wa pili, hakuna. Bibi mmoja alimcheka mpaka akakohoa. "Si wewe uliyetuambia tulete yote? Hata mimi natafuna mate!"

Mwajabu naye akacheka. Akarudi mbio. Ghalani lilibaki gunia moja lililokosa mpagazi, la kahawa kavu, ngumu kama changarawe. Haitafuniki. Akasimama akiitazama, mara akamkumbuka mama yake na dele la shaba alilomwachia, birika la kuchemshia kahawa.

"Latifu, washa moto! Maua, mwanangu, leta kinu!"

Maua, binti yake, akatwanga kuondoa maganda na kupepeta. Mwajabu akakaanga buni chunguni hadi zikawa nyeusi zenye kung'aa, na harufu ikatambaa migombani, watu wakaanza kuchungulia uani. Wakazitwanga tena, wakachemsha na tangawizi ya dukani. Povu lilikuwa linapanda Mzee Kashaija alipobisha hodi.

"Shikamoo, baba," Mwajabu akapiga goti.

"Marahaba." Mzee akaketi, akakinyoosha kiganja chake, akangoja.

Othman akatazama chini. Mwajabu akaweka kikombe kidogo cha moto kwenye kiganja kile.

"Baba, sikufichi. Kahawa ya kutafuna Kamuli haipo. Tumeiuza yote, na mimi ndiye niliyeihimiza. Hii ni ile ile, ila mama yangu aliinywa."

Mzee akanusa. Akanywa funda moja, uso ukamkunjamana. "Chungu! Hii ni dawa ya tumbo!"

Abdulatifu akafumba macho. Mwajabu akachota asali, akakoroga. Mzee akanywa tena, taratibu, akaramba midomo.

"Kumbe hiki ndicho Wazungu wanachokifuata mbali hivyo?" akauliza. "Nami nimewauzia msimu mzima sijui ladha yake! Ongeza."

Uani watu wakashangilia. Alikunywa mpaka dele likakauka, akazungumza mpaka jua likapinda, na kabla hajaondoka akataja mahari mwenyewe.

Arusi ilifanyika baada ya mavuno ya maharage. Tangu hapo, siku za soko, wanaume walikaa barazani kwa Mwajabu wakinywa kahawa yake, wakibishana kama iwe na asali au bila. Vikongwe waliwacheka, wakasema kinywaji si kahawa, kahawa ni ya meno. Mwajabu aliwapa haki wote. Kila msimu, mnunuzi aje asije, aliwaambia wanawake wachume kwanza mbichi ya nyumbani, ndipo waache iliyobaki iive. Kemilembe ndiye aliyemfundisha kuichemsha vizuri, maana majani ya kunukia Mwajabu hakuwahi kuyajua kwa majina, na wawili hao walisikika hadi barabarani wakicheka jikoni.