Sindano ya Ijumaa Jioni

Mimi hupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu za fahali huku Nyacheki, na watu huniita daktari. Siku hizo jina hilo lilikuwa limenipanda kichwani.

Ijumaa moja, jua likikaribia kuzama, mjane mmoja wa kanisani kwetu aliniita. Ng'ombe wake wa pekee hakuwa ameshika joto la kutaka fahali kwa miezi miwili. Nilikuwa nimeshaoga, nimevaa shati jeupe, Sabato iko mlangoni. Kabla ya kumdunga ng'ombe sindano ya kumrudishia joto, lazima uvae glavu ndefu, uingize mkono hadi begani, upapase ujue kama ana mimba. Nani, mimi? Na shati lile?

"Daktari," akasema, "fahali wa jirani aliwahi kuvunja ua wangu. Huyu hana kitu tumboni kweli?"

"Mama, daktari hapa ni nani?" Nikamdunga, nikaenda zangu kanisani kuimba.

Na sababu ya kupapasa naijua tangu chuoni! Mimba changa haijishikilii yenyewe. Kwenye ovari kuna kivimbe cha manjano kinachotoa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuuandaa ili kiumbe kijishikize na kulishwa. Kiumbe nacho, kikiwa bado chembamba kama uzi, humtumia mama ishara: nipo, usikibomoe kivimbe hicho. Ng'ombe husikia. Sindano yangu kazi yake ni kukibomoa.

Jumanne mjane akaniita tena. Alikuwa amekifunga kwenye jani la mgomba: kitu cha ukubwa wa panya, kwato zimeanza kutokea.

"Nimekosea wapi, mwanangu?"

Ningesema. Haki ya Mungu, nilifungua mdomo niseme. Lakini ulimi ukajitungia ya kwake: "Labda ni hiyo migomba unayomkatia. Ina maji mengi."

"Kumbe ni mimi!" Akajipiga kifua, akalia, nami nikamwacha alie. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliuficha wangu, aliyekosa ndama akawa yeye.

Kiangazi kikaja. Majani ya nepia yakakauka, kila mtu akawa anakata migomba kulisha mifugo. Nilipopita kwake nilimkuta ng'ombe mbavu zinahesabika, na nyuma ya nyumba migomba imesimama mibichi, haijaguswa.

"Mama, mbona ng'ombe anakufa njaa na migomba ipo?"

Akanishangaa. "Si wewe ulinikataza? Niliapa sitaua mwingine."

Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Nikachukua panga, nikaangusha mgomba, nikaukatakata vipande vidogovidogo bila kumtazama.

"Siku hizi inaruhusiwa, mama," nikasema. Hata hapo!

"Mbuya mono, daktari," akanishukuru, akainama kuokota vipande ampelekee ng'ombe.