Mguu Uliopakwa Mawese

Esteri wa kijiji cha Murungu hakuwa mtu wa maneno mengi. Binti yake Kezia alipodungwa sindano ya malaria kalioni, akatoka zahanati akiburuta mguu, yule aliyemdunga alisema mtoto kazaliwa hivyo. Mtoto aliyeingia anakimbia. Esteri akalimeza neno lile.

Mwaka ule wakimbizi walipofurika, ikasikika kwamba Kasulu wamekuja wageni na mashine ya kusikiliza mishipa ya fahamu. Mshipa ukiwa hai, mtoto hupewa kiatu cha chuma na mazoezi; ukiwa umekufa, anarudi nyumbani kama alivyokuja. Esteri akamwogesha Kezia, akamsugua miguu kwa mawese mpaka ikang'aa. Nani hupeleka mtoto mbele za watu na miguu ya majivu?

Fundi wa mashine, Badru, alitoa vibandiko vyenye nyaya nyembamba, laini, vinavyojikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa. Akavibandika mguuni, akaushtua mshipa kidogo kwa umeme, akatazama kioo. Mstari ulilala tu.

"Pole, mama Kezia. Mshipa umekufa. Anayefuata."

"Jana kidole hiki kilinisukuma."

"Kila mama husema hivyo."

"Na wewe tangu asubuhi unaongea na kioo. Ushike mguu, ndugu yangu, hauna meno."

Benchi zima likacheka. Badru akaushika kwa kero. Vidole vikateleza, kibandiko kikamfuata mkononi.

"Umempaka nini?"

"Mawese."

"Kwenye mafuta hakishiki, mama. Ungesema."

"Ungeuliza."

Akafuta kwa spiriti, akabandika upya. Mstari ukaruka kidogo, ukaruka tena.

"Upo," alisema Badru, sauti imeshuka. "Dhaifu, ila upo. Kiatu atapata."

Esteri alimbana mwanawe kifuani. Kisha akatazama benchi: miguu ya watoto wote ilikuwa inang'aa.

"Na mtoto wa Jeanne, yule mama mkimbizi uliyemwambia mshipa umekufa, akatoka hapa analia? Mguu wa mwanawe haukuwa na mafuta?"

Badru akajishughulisha na nyaya.

"Nakuuliza, baba."

"Sikuangalia."

Esteri akamketisha Kezia mapajani pa Badru, mafuta na yote. "Basi kaa naye. Usimwambie mtu mwingine neno kufa mpaka nirudi."

Akajifunga kanga kiunoni, akaishika mbio barabara ya Kabanga, alikoelekea Jeanne, akimwita.