Mwalimu Pazi na Mtihani Uliodhaniwa Kuvuja

Karatasi ikitoka kwenye mashine ya fotokopi ingali ya moto huwa na harufu yake. Inanuka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, ila kuna uchachu kidogo wa wino ndani yake. Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari hapa Tabora mjini, nikimtolea mwanangu nakala za mazoezi ya Kiingereza, yale ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Harufu ile iliponifika puani nikageuka nyuma ghafla kuangalia nani ananiona. Binti wa dukani akaniuliza, "Mama, kuna mtu unamngoja?" Nikasema hapana. Ningemweleza nini? Kwamba na utu uzima huu bado naogopa kukutwa na karatasi ya mtihani mkononi?

Nikwambie ukweli, msomaji wangu, mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu kwa furaha iliyopitiliza, najiuliza ana shida gani. Muuza nyanya akiniapia kwamba za juu na za chini ni zilezile, nachimbua mpaka chini. Mume wangu husema nilizaliwa hivyo. Si kweli. Nilifundishwa, tena darasani, nikiwa darasa la saba kule Ipuli, na aliyenifundisha alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliowahi kuwajua.

Alikuwa Mwalimu Pazi, Mzaramo mrefu, mwembamba, mwenye mazoea ya kuvuta suruali juu kabla ya kuandika ubaoni. Alitukuta na Kiingereza cha kubahatisha. Nyumbani tulisema Kinyamwezi, mtaani Kiswahili, na Kiingereza kilibaki ubaoni kikafutwa na dasta kila siku. Tukikutana na nafasi tupu na majibu manne chini yake, wengi wetu tulichagua lile refu, maana lilionekana limesoma zaidi kuliko mengine.

"Hiyo nafasi ni nyumba ambayo mwenyewe kasafiri," alituambia. "Utabisha hodi mpaka kesho. Waulizeni majirani." Akaandika *We have been here ___ Monday*, akatuamuru tusiitazame kabisa ile nafasi. Tumtazame jirani wa kulia, tuseme ni nani. Ni siku, tukasema, ni mwanzo wa jambo. Basi neno linalokaa na mwanzo ni *since*. Kisha tumuulize na jirani wa kushoto kama anakubali. Kila jibu tulilishuku. Jibu la kwanza kukukimbilia ndilo la kushukiwa kuliko yote, kwa nini lina haraka hivyo? Futa mawili ambayo hata undugu na majirani hayana. Yaliyobaki yasome kila moja ndani ya sentensi, kwa sauti ya moyoni, mpaka kwenye nukta, kwa sababu wengi huishia njiani. Likikushinda, liwekee alama ndogo ya penseli uende mbele, maana mara nyingi swali la chini hulichongea la juu. Na usiache nafasi tupu. Tulikariri mambo hayo kama sala.

Sasa, Mwalimu Pazi alikuwa mtani wa baba yangu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani, tangu babu zetu wakibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku kwenda pwani, wakipita kwa Wazaramo, wakigombana nao, wakilishwa nao. Baba alikuwa fundi baiskeli, kazi yake akiifanyia mbele ya nyumba. Kila asubuhi Mwalimu akipita kwenda shule alisimama pale. "Mpagazi, bado hujatua mzigo?" Baba hakuinua hata kichwa. "Wee mwizi, pita mbali na spana zangu." Mwalimu alichukua spana, akaenda nayo hatua kadhaa, baba akamfukuza na pampu. Siku ambayo hawakutukana, mama alijua mmoja wao anaumwa. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilitamani baba aongee na mwalimu wangu kwa adabu, kama wazazi wa wenzangu.

Mtihani wa majaribio wa wilaya ulipotoka, darasa letu likaongoza kwa Kiingereza. Shule yenyewe ilikuwa ya kushika mkia miaka yote. Shangwe ikadumu siku moja tu. Kesho yake minong'ono ikaanza dukani, bombani, hata kanisani. Watoto wa Ipuli wamejulia wapi Kiingereza? Mtihani umevuja. Tukasikia kwamba ikithibitika, Mwalimu Pazi atafukuzwa kazi na sisi hatutaruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Mama mmoja akamkataza mwanawe kutembea na mimi, eti nisije nikamtaja. Mimi mwenyewe nikaanza kuukodolea macho mkoba wa Mwalimu, ule wa kahawia asiouachia mtu, nikijiuliza una nini. Alikuwa amenifundisha vizuri mno, hata yeye nikamtilia shaka.

Basi akaja afisa wa elimu, kijana mgeni, hajamaliza hata mwezi mkoani kwetu. Alizunguka kwa wazazi mmoja mmoja. Kwetu alimkuta baba ameinamia gurudumu, anaziba pancha. Akasalimu, akasema amekuja kwa habari ya ule mtihani.

"Mzee, Mwalimu Pazi unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Mwizi yule."

"Ameiba nini?"

"Uliza hajaiba nini," baba akasema, gundi mkononi. "Kwao wanaiba tangu babu zetu wanapita na pembe. Mtihani ni kitu gani? Huyo angepata nafasi angeiba na reli."

Afisa akashukuru, akaondoka. Baba akawa anacheka peke yake, amefurahi kwamba atakuwa na la kumsimulia mtani wake asubuhi. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Baba Kabula," akasema, akimwita kwa jina langu, "yule mtu hakucheka."

"Hajui kucheka yule."

"Aliandika."

Mkono wa baba ukasimama juu ya tyubu. Gundi ikakauka bila kutumika.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Pazi hakupita. Amesimamishwa kazi, tukaambiwa, kwa ushahidi wa mzazi. Baba akavaa shati lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda ofisini kwa afisa. Nadhani alinichukua ili aonekane ni mzazi wa mtu. Akaeleza yote, kuhusu watani, pembe, na babu zake. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, sitasema uongo.

"Mzee, jana ulisema ni mwizi. Leo unasema ni mwaminifu. Nichukue lipi?"

"Lile lilikuwa la utani."

"Na hili?"

Niliumia kuliko siku baba aliyonichapa. Yeye, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ulimi, alikaa pale anazungusha kofia mikononi na hakuna neno lake lililokuwa na thamani.

Afisa akanitazama. "Na wewe unasoma kwake?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba." Akachukua kipande cha karatasi, akaandika sentensi ya Kiingereza yenye nafasi tupu, na majibu manne, akanisogezea. Jibu moja likanikimbilia. Nikalishuku. Nikaanza kuwauliza majirani kwa sauti, wa kulia kisha wa kushoto, nikafuta mawili, nikasoma hadi kwenye nukta. Akaandika nyingine, na nyingine tena. Mwishowe akaweka kalamu chini, akauliza nani kanifundisha kufanya hivyo. Nikasema Mwalimu Pazi. Kesho yake alikuja shuleni na karatasi aliyoitunga mwenyewe, akalijaribu darasa zima, na kabla juma halijaisha Mwalimu alirudishiwa chaki yake. Mtihani wa mwisho tuliufanya, nami nikachaguliwa kwenda sekondari.

Mwalimu akaanza tena kupita mbele ya nyumba yetu. "Habari za asubuhi, mzee," alisema. Baba aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Nzuri, Mwalimu. Karibu sana." Spana zililala palepale, hakuna aliyezigusa. Nilifurahi mno. Nilimwambia mama, sasa baba ana adabu, wanaheshimiana. Mama akanisogezea sahani. "Kula ugali wako," akasema.

Ilibidi niwe mtu mzima, nipate watani wangu mwenyewe kazini, wa kunizulia kila uovu, ndipo nielewe nilichokuwa nakishangilia. Wale wawili walikuwa wanapima kila neno lisije likaandikwa. Baba aliogopa ulimi wake, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kulalamika hata mara moja, hakujua tena lipi kwa baba ni mchezo. Afisa alimsafisha Mwalimu kwa karatasi moja. Kwa baba hakukuwa na mtihani wa kufanya.

Mwaka uliofuata Mwalimu akahamishiwa Bukene. Baba alimbebea sanduku begani mpaka stesheni, mimi nikiwafuata nyuma, akalipandisha garimoshini, akarudi kusimama chini ya dirisha. "Nimekubebea mpaka huku," akasema, "bila hata ujira." Alisema kwa sauti ya zamani, akamtazama usoni. Mwalimu Pazi akatoa mikono nje ya dirisha, akamshika baba mkono kwa mikono miwili.

"Nashukuru sana, mzee wangu. Mungu akubariki."

Garimoshi likaondoka. Nilimvuta baba shati twende, lakini hakusogea. Alibaki amelikazia macho lile dirisha mpaka likapotea, akingoja atukanwe.