Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Ugonjwa wa baba yangu ulichagua mahali pabaya kuliko pote: ulimi. Ungemshika mguu, angechechemea na kunung'unika, basi. Lakini baba alikuwa Mnyamwezi mstaafu wa reli, mtu aliyeishi kwa kusema, na pale kwetu Temeke kila asubuhi alikuwa na miadi ya matusi na mtani wake.

Mtani huyo alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, jirani yetu, muuza vitumbua. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Waliruhusiwa kuambiana lolote na kuchukuliana chochote, na aliyekasirika ndiye mwenye kosa, analipa faini. Basi mama yule akipita na sinia lake kichwani, husimama mbele ya baraza yetu.

"Mnyamwezi, hujafa tu? Unangoja mzigo wa nani tena uubebe?"

"Nikifa mie, nani atakula hayo mawe unayoyaita vitumbua? Nyie Wazaramo ngoma mnaiweza. Jikoni mnapotea njia."

Kisha baba hununua viwili na kuvila vyote, huku akilalamika. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba na cherehani yangu, na nakiri kwamba sijapata kusikia mke na mume waliosikilizana kama watani wale wawili walivyotukanana.

Kidonda kilianzia ubavuni mwa ulimi. Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakipaka asali, tukakipa majina ya kukipunguza: mara joto, mara jino limekwaruza. Hakikupona. Hospitali ya serikali walisema ni kansa, ikatwe upesi, ila kazi ile hawakuwa na mtu wa kuifanya mpaka aje mpasuaji mgeni, na siku ya kuja kwake hakuna aliyeijua. Kulikuwa na daktari Mhindi mjini mwenye kliniki yake, yeye aliiweza. Alinitajia bei kwa upole sana, kama mtu anayetoa pole.

Kiinua mgongo cha baba kilikuwa kimeishia juu ya vichwa vyetu, kwenye bati. Cherehani yangu ilitulisha, haikutuwekea akiba. Watu wa kanisani walitaka kupitisha kikapu, baba akatuma ujumbe kwamba atakayeleta senti pale atatoka na fimbo mgongoni. "Sijapata kuomba hata chumvi," aliniambia, na ulimi ulikuwa umeshaanza kumlemea. Nilimpenda mzee yule, na siku ile nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Nilimweleza jirani yetu yote, nikilia. Hakunipa pole. Aliniuliza tu kama wale Wanyamwezi wenzake baba waliostaafu reli bado wanakaa Pugu. Nikamwambia wapo.

Kesho yake asubuhi alikuja barazani mikono mitupu, akashika baiskeli ya baba. "Hii nimeichukua, Mnyamwezi."

"Chukua," akasema baba, akicheka. "Kuipanda hujui, utaibeba kichwani."

Akaikokota kwa miguu mpaka Pugu, na njia ile si ya mchezo. Jioni akarudi na baiskeli ileile, vumbi mpaka kwenye kope, akapita moja kwa moja akaingia kwake.

Siku iliyofuata, jua halijawa kali, tulisikia vilio vinatoka barabara ya Pugu. Kundi la watu likakata kona kuingia kwetu: kina mama wamejifunga kanga viunoni, mmoja na kuku wawili, wazee wamevua kofia, kijana mmoja na gunia la unga begani. Baba alikuwa barazani anakunywa uji kwa kijiko kidogo. Akainuka kwa adabu, kama mtu anayepokea wageni wa msiba wa jirani.

"Poleni. Kafa nani?"

Mzee aliyetangulia alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe," akasema.

Kwetu mtani hunyakua mali ya mtu siku ya msiba wake, na ndugu huikomboa kwa pesa. Wazee wa Pugu walipomwona Mzaramo anakokota baiskeli ya Mnyamwezi aliyejulikana kuwa mgonjwa, walihitaji kuambiwa nini tena? Hawakumwuliza, naye hakuwaeleza. Wakachanga rambirambi usiku uleule.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu wakaanza kukusanya vyao waondoke, na mzee mmoja akakirudisha mfukoni kitambaa chenye pesa. Hapo mama wa Kizaramo akajitokeza, akasimama njiani, mikono kiunoni.

"Rambirambi hairudi ilikotoka. Anayetaka kuondoka nayo, aondoke na msiba wake vilevile."

Mkono wa mzee ukatoka mfukoni polepole. Hakuna aliyetaka kurudi Pugu na kifo kwenye kitambaa.

Baba akaelewa baiskeli yake ilikwenda Pugu kufanya nini. Aliniangalia, akamwangalia mtani wake, na kwa mara ya kwanza nikamwona amemkasirikia kweli. "Sitaki! Mie si ombaomba! Chukueni pesa zenu!"

Mama yule akapiga makofi. "Kakasirika! Jamani nyie mashahidi, Mnyamwezi kamkasirikia mtani!"

Wazee wakajitenga pembeni, wakanong'ona, wakarudi na nyuso za mahakamani. Kosa limethibiti. Faini yake ni kuzipokea hizo rambirambi, na kwenda nazo kwa daktari kabla ya Jumapili. Baba akatafuta kwa macho mtu wa kumtetea, macho yakaja mpaka kwangu. Niliinamia cherehani, nikashona kitambaa kisicho na kazi.

Pesa zilizopungua tulizipata kwa kuuza baiskeli yenyewe, mtani alipoirudisha. Baadaye nilimwuliza mama yule kama alijua watu wa Pugu watafikiri vile. "Mie nilikokota baiskeli," alisema. "Kumuua, wamemuua ndugu zake."

Daktari aliikata kansa, akaimaliza. Lakini sehemu kubwa ya ulimi iliondoka nayo. Baba alirudi Temeke mzima, mwembamba, na maneno hayakutoka tena. Zilitoka sauti tu, naye akaona afadhali kunyamaza.

Asubuhi ya kwanza mtani wake akapita. "Mnyamwezi, umerudi? Kuzimu nako wamekukataa?"

Akangoja, kwa mazoea. Baba akafungua mdomo, akaufunga, akatazama chini. Sijapata kuona aibu ya namna ile usoni mwa baba yangu.

Mama yule akatua sinia. Akapanda barazani, akakaa kando yake, akakaza shingo, akasema kwa sauti nzito kama ya baba, yenye lafudhi ya Tabora: "Nimekuta kumejaa Wazaramo wanacheza ngoma, nikakosa pa kukaa!"

Baba akainua kichwa. Akafikiri kidogo, akakunja uso, akatikisa kiganja: hapana, tusi hilo dogo, kaza. Mama yule akalirudia, akaongeza la mama mkwe wake na la upishi wake, akijitukana bila huruma, na baba akaitikia kwa kichwa kila alipopatia. Niliacha cherehani nikaingia ndani kulia, maana maneno ya baba yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwa Mzaramo, na yalikuwa yake kabisa.