Mate ya Mbwa wa Baba

Kaka yangu alimleta mbwa siku ya Ijumaa, na jioni hiyohiyo akarudi zake Maskati. Alituachia mnyororo, gunia la chakula na maneno: "Huyu ni bulmastifi, dada. Mbwa mwenye nasaba yake. Hana taabu." Maneno hayo nilikaa nayo miaka minne.

Baba ndiye aliyemtaka. Mbuzi wake walikuwa wameibwa bandani, na tangu hapo akawa halali usiku, anazungumzia duka lake la Tabora, alikokuwa na mbwa mlangoni na hakuibiwa hata msumari. Tulikuwa tumeshahamia Ibra, huku Omani, zamani, lakini baba akiingiwa na hofu alirudi Tabora kwa maneno. Majirani walipomuuliza inakuwaje Mwislamu kufuga mbwa, alijibu kwamba mbwa wa shamba na mifugo ana ruhusa yake, ila ndani ya nyumba hatii mguu. Sawa. Nani atamlea, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimeachika nikarudi nyumbani. Asubuhi karani wa shule, mchana kila kitu kingine. Kazi ikanijia yenyewe, kama kawaida yake.

Bulmastifi habweki ovyo. Mbwa wa watu wa pale walikuwa wembamba, wa kuwindia, wanaubwekea hata upepo. Huyu alikuwa na kichwa kama sufuria ya pilau, anakuja kimya, anajiweka katikati yako na bwana wake, basi. Hang'ati. Anazuia. Ukijifanya huelewi anakuangusha na kukulalia. Fundi mmoja wa pampu alilaliwa hivyo mpaka nikatoka kazini, na alipoinuka aliapa kwamba kwetu harudi tena. Baba alifurahi wiki nzima.

Uso wake ulikuwa mikunjo mitupu, na mikunjo ile ikikaa na unyevu inafanya vidonda na kunuka. Kwa hiyo kila jioni nilimfuta, mkunjo mmoja mmoja, kwanza kwa kitambaa cha maji, halafu kikavu. Chakula alipewa kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na akishakula haruhusiwi kukimbia, maana tumbo la mbwa mkubwa hujaa hewa likamwua. Joto hakuliweza kabisa. Pua yake fupi, pumzi yenyewe ya kuazima, na Ibra mwezi wa sita si mahali pa mnyama wa namna hiyo. Nilimmwagia maji, nikamlowekea magunia ya kulalia, nikamfungia feni bandani. Jikoni kwangu hapakuwa na feni.

Na mate. Kaka hakutaja mate. Akitikisa kichwa yanaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Sisi ni watu wa kusali mara tano kwa siku, na mate ya mbwa ni najisi. Chombo anachokilamba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kati ya mbwa wote wa dunia, tukaletewa huyu anayevuja kama bomba bovu! Nilikuwa na kanga mbili kuukuu za kazi yake, zimetundikwa nje. Nikienda kwake navaa, nikitoka navua, naoga, natawadha, nasali. Sijakunja mswala, baba ananiita: "Hebu kamwangalie maji yake." Navaa tena. Siku moja nilijifungia bafuni nikalia, si kwa huzuni, kwa uchovu tu.

Mwaka wa nne, karibu na adhuhuri, jirani yetu, bibi aliyezaliwa Unguja, alinipigia simu shuleni.

"Mwanangu, njoo hima! Babaako kaanguka shambani, na hilo jibwa limemsimamia, halimpi mtu njia. Wallahi wanataka kulipiga risasi."

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mtu kama yeye haachwi juani hata kidogo, na waliokuja kumwokoa walizuiwa na mlinzi wake mwenyewe. Njia nzima niliendesha gari nikimtukana kaka yangu kwa sauti.

Nilimkuta baba amelala kando ya falaji, mfereji unaonywesha mitende yetu, kofia imemtoka. Mbwa alisimama juu yake, miguu huku na huku, sikio linavuja damu kwa mawe aliyotupiwa. Wanaume walisimama mbali. Mmoja alishika bunduki, ile ya kupigia shangwe za harusi.

"Usisogee, yaa binti," akaniambia. "Nikipiga nikikosa, nampata mzee."

"Basi usipige," nikamjibu.

Nilimwita mbwa. Akaningurumia. Mimi! Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuipata tena. Nilimwendea hivyohivyo na buibui langu safi la kazini, nikaketi kwenye matope mbele yake, nikashika ncha ya shela yangu, nikasema ninachokisema kila jioni: "Lete uso." Hakutikisika. "Lete uso, nimechoka," nikasema, na sauti ikanikatika, maana ilikuwa kweli. Akashusha kichwa, akaja, akaniwekea kidevu mkononi. Nilimfuta mkunjo mmoja mmoja, mate chapachapa, mkono wa pili umemkumbatia shingo asigeuke, huku wanaume wakimbeba baba nyuma yake.

Hospitali walisema sukari ilikuwa imeshuka na jua likamalizia. Tungechelewa zaidi, tusingempata. Alifumbua macho alasiri ya siku ya pili. Nilikuwa nimevaa buibui la kuazima la jirani, na jirani huyohuyo ndiye aliyemrushia mbwa wali juu ya ukuta. Kaka alikwisha kufika kutoka Maskati, amesimama upande wa pili wa kitanda, anaongea na simu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alinitazama sana. Nikaona midomo inatafuta maneno, nikainama karibu, kwa sababu nilidhani kwamba leo, baada ya miaka yote ile, leo atasema.

"Mbwa amekula?"

"Amekula, baba."

Akafumba macho, ameridhika kabisa. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake, na nilitamani sana mtu aniulize.